Mjinga Halali

Mashine ilianza kunichokoza tangu asubuhi.

"Ukurasa wa hewa kwenye mrija unalala leo jua likizama," ikasema kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi. "Ukilala, nami nitasimama."

"Nimesikia," nikaijibu. "Nilisikia jana, na juzi pia. Fanya kazi yako."

Mdogo wangu Mbwana alikuwa amejinyoosha kitandani, mirija miwili imetoka kwenye mkono wake wa kushoto na kuingia kwenye Chujio, damu inakwenda chafu na kurudi safi. Figo zake zilikufa akiwa bado refa wa mpira, tena refa mwenye jina hapa Lushoto, yule aliyewahi kuinyima penalti timu ya kijijini kwake mwenyewe akarudi nyumbani kwa njia ya msituni. Tangu hapo figo zake ni mashine hii. Wiki ikipita hajawekwa, inayofuata tunamzika. Hospitali ya mkoa ina foleni ya watu wanaosubiri wenzao wafe ndipo wapate kitanda.

"Dada, unagombana na mashine," akasema. "Ipe kadi ya njano yaishe."

"Nitaipa nyekundu."

"Ukiipa nyekundu nami natoka uwanjani."

Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nahesabu saa zilizobaki mpaka magharibi.

Chujio haina mwenyewe. Michoro yake iko wazi, programu yake iko wazi, fundi yeyote mwenye akili timamu anaweza kuiunda, na zimeundwa nyingi, kuanzia hapa Soni mpaka kule ziwani. Haina vitufe vya maana. Inasema. Inamsomea aliyekaa karibu na mgonjwa ukurasa wa mwongozo, hatua kwa hatua, naye anatenda: mke, jirani, shemeji. Na ina sheria moja isiyovunjika, kwamba haifanyi kitu ambacho haiwezi kumweleza mtu. Ukurasa wowote ambao haujajaribiwa upya na watu ndani ya mwaka unalala, na ukurasa mmoja tu ukilala, mashine zote zinasimama mpaka uamke. Tulipoiweka sheria hiyo watu walitupigia makofi, maana walikuwa wametoka kuzika ndugu zao waliouawa na mashine ambazo hata walioziuza hawakuweza kueleza zilikuwa zinafanya nini. Makofi yale yameshasahaulika. Siku hizi tunapigiwa simu za matusi tu. Asante ya punda, mateke.

Mwongozo wote huo unatunzwa na watu wa kujitolea. Mimi, Mashavu Shemweta, ni mmoja wao. Wa pili ni Mhando. Hapo nimemaliza kuwataja.

* * *

Mhando aliwasili kutoka Mlalo kabla ya adhuhuri, na chupa yake ya chai ya tangawizi kwapani. Yeye ndiye aliyeandika kurasa za kwanza kabisa za mwongozo, na mimi alinifundisha kazi kwa kunicheka. Siku hiyo hakunicheka. Aliingia kwenye karakana yetu, ambayo zamani ilikuwa ghala la karoti na mpaka leo mvua ikinyesha inanuka karoti, akaanza kushikashika vitu. Akashika meza. Akashika lile pazia la kaniki. Akasimama mbele ya Chujio ya kufundishia, akaipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Umepoteza nini?" nikamuuliza.

"Sijapoteza. Nasalimia."

Nikadhani ni uzee unamwanza. Sikuwa na nafasi ya kufikiria uzee wa mtu.

"Leo jua likizama," nikamwambia. "Hatuna mjinga."

Hapa inabidi nieleze, maana wasiotujua hudhani tunatukanana. Kazi yetu tunaiita kusomeana. Mmoja anakaa nyuma ya pazia na kuusoma ukurasa kwa sauti. Mwenzake anakaa mbele ya mashine ya kufundishia, ambayo mirija yake imejaa maji ya rangi badala ya damu, na kwenye ncha ya mrija kuna beseni badala ya mgonjwa. Huyu wa pili anafanya kile tu anachokisikia. Ndiye mjinga, na hicho ndicho cheo kikubwa tulichonacho. Asiyejua ndiye anayegundua shimo kwenye maneno, kwa kutumbukia. Anayejua hulivuka bila habari, mikono inamvusha. Kwa hiyo mjinga anavaa glavu maalumu, na glavu inahisi: mkono ukiitangulia sauti hata kidogo, inasema, "Huyu anajua," na mnatafuta mwingine.

Sasa, mjinga akishaufanya ukurasa mara moja, ujinga wake kwa ukurasa huo umekwisha. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani, na hakuna aliyeyajua mashaka hayo kama sisi. Zamani tulikuwa kundi kubwa, tunaazimana wajinga kutoka Mbeya mpaka Bukoba. Kisha makampuni yakaanza kuwaajiri watu wetu, na kampuni haikufungulii mlango mpaka usafishwe. Unameza dawa alfajiri, unashinda ukiizungumza na kuigusa kazi yako ya zamani, na kila kumbukumbu unayoiamsha huku dawa imo damuni inayeyuka. Hawataki maarifa ya bure yaingie kwao kupitia kichwa cha mtu. Nuru wa Kitale, tuliyekuwa naye miaka mingi, alisafishwa. Nilimpigia wiki ileile kumuuliza jambo, akaniambia kwa adabu zote kwamba nimekosea namba.

"Tangazo halijaleta mtu?" Mhando akauliza.

Tangazo lenyewe lilikuwa la mwaka mzima, maana mjinga sharti ale kiapo cha kusema kweli, na kiapo kinachukua mwezi kukubaliwa. Tuliandika wazi: tunatafuta wajinga. Wakatujibu watu wengi ajabu, na wote walikuwa wajuzi. Mmoja alisema anaijua Chujio kuliko sisi. Mwingine alikubali kuja iwapo cheo kingebadilishwa kiwe mshauri. Hakuna hata mmoja aliyekubali kuitwa mjinga, na Soni nzima imeshamhudumia Mbwana kwa zamu, hivyo hapa nyumbani hata muuza mchicha anajua kutoa hewa kwenye mrija.

"Basi mjinga nitakuwa mimi," akasema Mhando.

"Wewe? Wewe uliyeuandika?"

"Mimi."

Nilimuelewa, au nilidhani nimemuelewa. Glavu inadanganyika. Ukijikaza, ukasubiri kidogo kabla ya kila hatua, unaweza kuipita. Tulikuwa tunajua hivyo siku zote na hatukuwahi kufanya, kwa sababu siku tutakayofanya, mwongozo wote unakuwa porojo.

"Goli la mkono hilo," sauti ya Mbwana ikatoka chumba cha pili. Ukuta wa mbao hauna siri.

"Nyamaza wewe, hukuulizwa," nikamjibu.

"Refa haulizwi, dada. Anapuliza."

Nilitoka nje nikasimama barabarani. Malori ya mboga yalikuwa yanateremka kwenda Mombo, ukungu umeanza kushuka mlimani. Nikamfikiria Mbwana. Nikawafikiria na wengine nisiowajua sura, wenye mikono iliyonyooshwa vitandani Sumbawanga, Kasulu, Voi, ambao kesho asubuhi wangeiwasha mashine na kukuta imenyamaza. Nikajiambia ukurasa naujua, Mhando ni yuleyule, nani atadhurika? Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikarudi ndani.

"Vaa glavu," nikamwambia.

* * *

Hata kama tunaiba, nilisema, tuibe kwa adabu. Tutasomeana kama kawaida, neno kwa neno. Nikaingia nyuma ya pazia, nikafungua ukurasa.

Ukurasa wenyewe niliuandika upya mwezi uliopita. Zamani hewa ikiingia kwenye mrija, Chujio ilijifungia yenyewe kibanio cha upande wa mgonjwa kwa springi. Springi zile hazipatikani tena, sisi wazoefu tumeshazoea siku nyingi kukifunga kwa mkono, na toleo jipya linamtaka kila mtu afanye hivyo. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi mpaka nauota.

"Mashine imesimama na kusema kuna hewa," nikaanza. "Usiogope. Mgonjwa yuko salama mpaka utakapoamua kuendelea."

Sikusikia kitu kikiguswa. Anasubiri vizuri, nikajisemea, anaidanganya glavu vizuri.

"Shika kikombe cha hewa, kile cha plastiki kilicho katikati ya mrija. Kisimamishe wima."

Nikasikia anakishika.

"Kigonge taratibu kwa kidole mpaka mapovu yote yapande juu. Vuta hewa kwa bomba la sindano. Kisha gusa taa ya kijani, useme: endelea."

"Endelea," akasema Mhando.

Pampu ikanguruma. Halafu nikasikia sauti ambayo kila mtunzaji wa mwongozo huiota ndoto mbaya: bwabwabwa, mapovu kwenye beseni. Hewa imepita, iliteleza upande wa mgonjwa wakati kikombe kinagongwa. Lile beseni lingekuwa mkono wa mtu, mtu huyo angekuwa anakufa.

Nikalivuta pazia. "Kibanio, Mhando! Kibanio chekundu, kinafungwa kwanza!"

Alikuwa ameketi vilevile, mikono hewani, ananitazama kwa mshangao. "Hukukisoma," akasema.

Nikautazama ukurasa. Sikukisoma kwa sababu hakikuwemo. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa kuandika mstari mmoja, funga kibanio, kwa sababu mikono yangu hukifunga yenyewe na mimi nilikuwa nimeacha kuiona inavyokifunga. Nilikuwa nimeandika ukurasa wa kuua watu, na nilitaka kuuamsha kwa uongo.

Kisha glavu ikasema, "Mjinga halali. Ukurasa umekosewa."

Nilidhani imeharibika. Mjinga halali, kwa Mhando? Mikono ya Mhando inafunga kibanio kile hata akiwa anasinzia. Nilimwona kwa macho yangu akikifunga huku anabishana siasa.

"Kibanio hiki ni cha nini?" nikamuuliza polepole.

Akakitazama. "Wewe umesema kinafungwa kwanza."

"Sikukuuliza nilichosema."

Akavua glavu, akaiweka mezani, akaikunja vizuri. "Kaa chini, Mashavu. Nimemeza alfajiri."

* * *

Nilikasirika, sifichi. Nilimuuliza ni kampuni gani imemnunua, nikamwambia maneno mengine ambayo mama yangu angenipigia kofi.

"Hakuna kampuni," akasema. "Nani aniajiri mimi, na magoti haya? Nilikwenda Tanga mwenyewe nikapewa dawa. Nilitaka kupumzika tu."

"Si ungejiuzulu kama watu."

"Nimejiuzulu mara ngapi? Unajiuzulu, lakini bado unajua. Simu inalia nyumbani, mtu analia, mrija umeziba. Utamwambia hujui? Nakaa na wajukuu wananiimbia, mimi nasikiliza simu. Mke wangu anaongea, nasikiliza simu. Nikaona hakuna dawa isipokuwa kutojua kweli." Akafungua chupa yake ya chai. "Lakini nilichagua siku. Nilijua ukurasa huu unalala leo. Nikasema nikishinda hapa nikiyagusa mambo yote, hadi jioni nitakuwa mjinga halali, nikuamshie huu mmoja, ndipo niende. Sikujua una tundu."

"Na sasa unajua kwamba kibanio kinafungwa kwanza. Nimekupigia kelele mwenyewe."

"Hilo litaondoka. Andika mstari wako. Tunywe chai kidogo, nitakuwa nimesahau."

Alisema hivyo kama mtu anayesema tusubiri mvua ipite.

Kisha akatoa kidonge kimoja cheupe mfukoni mwa koti. "Hiki ni cha kurudi. Nikikimeza kabla ya magharibi, kilichobaki kichwani kinabaki. Baada ya hapo hakina kazi. Kiweke wewe."

"Kimeze sasa hivi."

"Nikikimeza, nakumbuka kibanio. Ukurasa unalala."

"Mhando."

"Kiweke wewe, nimesema. Mimi kila muda unavyokwenda sijui ninachokipoteza. Ukiniuliza jioni nitakwambia sijapoteza kitu. Wewe ndiye unayeuona mzigo wote. Sikulaumu kwa lolote."

Nikakipokea. Nikaandika mstari: Funga kibanio chekundu kilicho karibu na mkono wa mgonjwa. Na kabla ya taa ya kijani nikaongeza mwingine, wa kukifungua. Mistari mifupi kabisa. Nikatoka nikaketi naye kwenye benchi mbele ya ghala, na jua lilikuwa limeshaanza kuelekea mlimani.

"Unamkumbuka Nuru?" nikamuuliza.

Akacheka. Akanisimulia Nuru alivyokuwa mjinga wa ukurasa wa kuosha mirija, akasomewa "mwaga maji" na hakusomewa wapi, akayamwaga palepale miguuni kwa mgeni rasmi. Akasimulia mpaka machozi yakamtoka. Kisha akageuka kutazama barabara. Nikamtajia tena Nuru, akaniuliza, "Nuru yupi?"

Hapo nikaelewa ninafanya nini. Kila nilipomuuliza kitu nilikuwa namfutia. Nikaziba mdomo.

"Uliza tu," akasema. "Yakae kwako. Yakipotea bure kuna faida gani?"

Nikauliza. Nilimuuliza siku tulipoanza, nikamuuliza ule ukurasa wa kwanza aliouandika kwa mkono hospitalini huku baba yake akisafishwa damu kitanda cha jirani, nikamuuliza kwa nini mwongozo wetu kila mahali unasema "usiogope". Akanijibu yote. Yakawa yangu, yakaacha kuwa yake. Na katikati ya maswali hayo nilikuwa nachomeka lile moja.

"Kibanio chekundu kinafungwa lini?"

"Kwanza," alijibu mara ya kwanza.

"Kwanza, nadhani," mara ya pili.

Mara ya tatu akasema, "Kibanio kipi?"

Nilifurahi. Moyo wangu uliruka kwa furaha, kwa sababu rafiki yangu alikuwa amepotewa na akili. Nilikuwa nimekaa pembeni ya mtu nikimwomba Mungu amsahaulishe upesi.

Mbwana akaniita. Alikuwa ameshatolewa kwenye mashine na shemeji yake aliyekuwa zamu, ameketi kitandani, bandeji mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Mpe kidonge," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nimecheza dakika zangu na za nyongeza."

"Siyo wewe peke yako, Mbwana. Kuna watu kibao huko."

"Basi amua kwa ajili ya hao. Mimi usinitie. Refa hachezeshi mechi ya ndugu yake, dada. Ukinifikiria mimi, umeshapendelea."

"Nitaachaje kukufikiria wewe? Nani kakudanganya kwamba nina wengine ninaowafikiria? Hao wa Kasulu nawataja tu ili nisione aibu."

Akanishika mkono ule uliokuwa na kidonge, akaukunja vidole kimoja kimoja kuwa ngumi, akauachia.

* * *

Nikaingia nyuma ya pazia jua likiwa limekaa juu ya mgongo wa mlima. Mhando nilimketisha mwenyewe, nikamvisha glavu. Alinishukuru. Kidonge kilikuwa kwenye ngumi ya kushoto, ukurasa mkono wa kulia.

Nilikaa kidogo bila kusoma. Bado palikuwa na wakati. Ningeweza kulivuta pazia na kumwambia meza, naye angemeza bila kuuliza, angebaki na robo ya yale tuliyofanya pamoja, na robo si haba. Ningekuwa na mtu wa kugombana naye. Kwenye kazi hii kilichokuwa kinanishikilia si kiapo. Kilikuwa ni huyu mtu wa Mlalo na chai yake.

"Nianze?" akauliza upande wa pili, sauti ya mgeni aliyekaribishwa vizuri.

"Mashine imesimama na kusema kuna hewa," nikasoma. "Usiogope. Mgonjwa yuko salama mpaka utakapoamua kuendelea. Funga kibanio chekundu kilicho karibu na mkono wa mgonjwa."

Nikasubiri. Ilichukua muda. Nilimsikia anakitafuta, anagusa kitu kingine, anakiacha. Kisha tik.

Nikasoma kikombe, nikasoma mapovu, nikasoma sindano. Nikasoma, "Sasa fungua kibanio chekundu." Tik. Nikasoma taa ya kijani.

"Endelea," akasema Mhando.

Pampu ikanguruma, maji yakatiririka kwenye beseni, maji matupu, hayana hata povu.

"Mjinga halali," ikasema glavu. "Ukurasa uko macho."

Na chumbani kwa Mbwana ile mashine nyingine ikarudia: ukurasa wa hewa uko macho. Nikajua zinasema hivyohivyo kila nyumba iliyo nayo, na watu wengi hata hawasikilizi, wanapika ugali. Muda si mrefu adhana ikaanza upande wa sokoni. Nikafungua ngumi. Kidonge kilikuwa kimelowa jasho na kuanza kumomonyoka.

Nilipotoka, Mhando alikuwa amesimama, anaivua glavu kwa uangalifu na kuigeuzageuza.

"Nimefanya sawa, mama?"

Hajawahi kuniita mama. Aliniita Mashavu, na akitaka kuniudhi, binti Shemweta.

"Umefanya sawa kabisa, mzee," nikasema.

"Walinieleza kule Tanga kwamba nitajikuta mahali nisipopajua, nisiogope." Akaona chupa ya chai. "Hii ya mke wangu." Akaikumbata kwapani, ametulia, uso umekunjuka. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona na uso ule. Hakuwa anasikiliza simu yoyote. "Maneno yale uliyokuwa unasoma," akasema, "yaliandikwa na nani? Ni ya mtu mwenye huruma. Yanaanza kwa kusema usiogope."

"Ni ya mzee mmoja wa zamani. Amestaafu."

"Kazi nzuri hii." Akatazama meza, mirija, lile beseni. Nikaliona swali linakuja, na sikuwa na pa kukimbilia. "Mnapokea watu wa kujitolea? Mimi nina nafasi. Nikikaa nyumbani nakaa bure."

Mjinga halali wa kila ukurasa, aliyekwisha kula kiapo, yuko mbele yangu, ananiomba kazi. Mwaka mzima wa kurasa ungeamka kupitia mikono ile. Ningesema neno moja tu, karibu.

"Tumetimia, mzee," nikasema. "Tuko wengi, mpaka tunagombania zamu."

"Alhamdulillahi." Alionekana kusikitika kidogo. "Basi mkipungukiwa, nakaa Mlalo, jirani na msikiti. Ulizeni Mhando. Msinisahau."

"Hatutakusahau."

Nikamsindikiza mpaka barabarani. Akashika njia ya kituo polepole kwa sababu ya magoti, chupa kwapani. Alikuwa bado anaonekana, hajafika kona, mashine iliposema kutoka chumbani kwa Mbwana:

"Ukurasa wa kubadili chujio unalala Jumatatu jua likizama. Ukilala, nami nitasimama."

Mbwana alikuwa dirishani, ananitazama mimi, kisha anamtazama yule mtu barabarani. Hakupuliza kipenga chochote. Ukurasa wa hewa Mhando alinipa mwenyewe, akijua anachotoa. Huu wa Jumatatu ningekuwa namwibia.

"Nimesikia," nikaijibu mashine, na sikumwita.